Mtungi Aliokufa Nao Baba

Kila Desemba kuna mwanamume nyuma ya soko la Malaba anayechoma kwato za ng'ombe juu ya moto wa kuni ili ganda litoke na watu wa supu wapate kununua. Juzi nilipita hapo na kikapu changu nikasimama. Moshi wake ni mzito, una harufu ya nywele zilizoungua na damu iliyokauka. Watu wengi hufunika pua wakipita. Mimi huuvuta.

"Dada, unataka mguu?" akaniuliza. "Hii ni ya fahali ya Amagoro. Supu yake inaamsha mgonjwa kwa kitanda."

Nikamwambia sitaki mguu, nimesimama tu.

"Basi harufu pia tunauza," akasema, na vijana waliokuwa wakimsaidia wakacheka. Nikacheka nao, nikaenda zangu. Sikumwambia kwamba ile ilikuwa harufu ya baba yangu, wala kwamba kwangu Krismasi huanza hapo, si kanisani.

Baba yangu aliitwa Wafula na alikuwa mzimamoto. Alikufa siku ya Krismasi pamoja na wenzake wawili, Etyang na Rajabu, kwenye barabara ya kuingia Malaba, wakiwa kazini. Nimeiandika sentensi hiyo nzima mapema kwa sababu nimeisikia ikikatwakatwa maisha yangu yote. Wengine huacha neno "kazini". Wengine huacha majina, wakasema "wale waliochomeka na tangi". Wapo pia waliokuwa na sentensi yao tofauti kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Tuliishi katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya uwanja wa malori, Baba, Mama na mimi. Malori yalipanga mstari kuelekea Uganda mchana kutwa, na mstari usiposogea madereva waliishi pale pale kama watu wa kijiji. Mataniboi, wale wasaidizi wa madereva, walifunga kamba kati ya trela na trela wakaanika mashati. Wapishi walikuja na sufuria za maharagwe. Nilijifunza kusoma kwa kufuata maandishi yaliyochorwa kwenye vioo na vizuia tope vya nyuma, kabla mwalimu hajanifundisha.

Jambo moja lazima lieleweke kuhusu mpaka wetu, la sivyo hadithi hii haina maana. Mtu wa kwetu alitambulika kwa alichobeba. Mwenye karatasi mkononi alikuwa wakala wa kutoa mizigo. Mwenye bunda la noti alikuwa mbadilishaji pesa. Na mwenye mtungi wa plastiki wa manjano, hasa akiwa na haraka, alikuwa mtu wa petroli. Mafuta yalikuwa rahisi upande huu leo na upande ule kesho, na wanaume walifunga mitungi kwenye baiskeli wakayavusha kwa njia za vichakani. Hakuna aliyeuliza kilichomo. Mtungi ulijisemea wenyewe.

Baba alirudi kutoka kazini akinuka kama machinjio. Si kila siku, ila siku za mazoezi. Harufu ilikaa kwenye sweta lake, kwenye kucha, hata kwenye mkate aliotununulia njiani. Kwa akili yangu ya mtoto nilifikia uamuzi kwamba kazi yake hasa ilikuwa kuchinja ng'ombe, na kofia ngumu na gari jekundu vilikuwa zawadi kwa sababu alichinja vizuri. Shuleni niliulizwa baba yako anafanya kazi gani, nikajibu bila wasiwasi, "Anauza nyama ya serikali." Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kuketi.

Nilipomwambia Baba, alinichukua hadi kituoni. Gari lilisimama kwenye banda la mabati, na nyuma yake, ukutani, ilipangwa mitungi ya manjano. Alifungua mmoja akaniambia ninuse. Nilikimbia hadi barabarani.

"Hiyo ni dawa ya povu," alisema akinifuata, huku akicheka. "Inatengenezwa na kwato na pembe na damu. Moto wa petroli hauogopi maji. Unapanda juu ya maji unaogelea. Lakini hii inaufunika kama blanketi, unakosa hewa."

Nilielewa neno "blanketi" tu. Mengine yalinipita. Nilichobaki nacho ni kwamba kazini kwa Baba kulikuwa na sabuni mbaya ya kuoshea gari.

Wenzake walipenda kumtania kwa jina lake. Wafula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na Rajabu, ambaye alikuwa Mwislamu wa mjini Busia na fundi wa maneno, kila Baba alipoingia kituoni alipaza sauti, "Fungeni madirisha, mvua imefika!" Etyang alikuwa kijana wa kabila la Mama, Mteso, mpole, aliyekuwa akijifunza kupiga gitaa na bado hajui nyimbo mbili.

Asubuhi ile ya Krismasi wapangaji wenzetu walikuwa wameshakwenda makwao mashambani. Sisi tulibaki kwa sababu Baba alikuwa zamu, na Rajabu alikuwa amejitolea kushika zamu ya Mkristo mmoja ili akale na watoto wake. Mama alikuwa mjamzito na alikaa na miguu ndani ya beseni la maji. Kuku alikuwa ameshachemshwa. Mama alitikisa koroboi, ile taa yetu ya mkebe, ikatoa sauti kavu.

"Mafuta imeisha," alisema. "Jioni tutakula Krismasi na giza?"

"Nitakuja nayo," Baba alijibu akifunga viatu. Akanigusa kichwa kwa kiganja, akatoka.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema. Hayana uzito wowote. Ni maneno ya mtu anayejua atarudi kula.

Mchana nilisikia kengele ya gari lao. Niliijua. Ilikuwa na sauti ya mbuzi mwenye kikohozi na watoto wa mtaa tuliiigiza. Lilipita haraka kuelekea barabara ya Amagoro. Kisha wakapita watu, kwanza wachache, halafu wengi, wakikimbia upande uleule na mabeseni, ndoo, mitungi, hata sufuria za nyumbani. Walikuwa wamefurahi. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni lake la kanisani alimwita Mama, "Dada, tangi limeanguka! Petroli ya bure, leta kitu!" Mama alimwambia miguu yake haikimbii. Mimi nilidhani ni sherehe, nikaomba kwenda. Mama alinishika mkono na hakuuachia.

Baadaye kulikuwa na mshindo. Haukuwa mkubwa kama wanavyosimulia watu. Ulikuwa kama pumzi, kama mtu mkubwa sana amepuliza mshumaa. Kisha moshi mweusi ukapanda juu ya mabati, na mashati yaliyoanikwa kati ya trela yakawa yote yamegeuka rangi ya majivu.

Makokha, dereva wa gari la zimamoto, ndiye aliyekuja kumwambia Mama. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa. Alisimama nje ya mlango akakataa kuingia. Mama aliangalia mikono yake, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine, akasema tu, "Na Etyang?" Makokha akatikisa kichwa. "Na Rajabu?" Akatikisa tena. Mama akanivuta ndani akafunga mlango, na Makokha akabaki nje akilia peke yake kwenye jua.

Tulimzika Baba nyumbani kwao, karibu na Khunyangu. Habari ilikuwa imetutangulia. Nasema habari, lakini ilikuwa mambo mawili yaliyofungwa pamoja, moja la kweli na moja la uongo. La kweli ni kwamba Wafula alikutwa mtaroni na mtungi mkononi, mpini wake umeyeyukia kwenye glavu. La uongo ni yale watu waliyoyajaza ndani ya mtungi huo. Wameona mtu anakimbilia tangi na mtungi wa manjano. Katika mpaka wetu hilo lilikuwa na maana moja. Wazimamoto wamefika, wamesema wanafukuza watu, kumbe wanajichotea wenyewe, wakawashia moto kila mtu. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwenye foleni ya malori, ikasemwa sokoni Amagoro, ikafika Khunyangu kabla ya jeneza.

Mazishi yalikuwa ya haraka. Hakuna aliyehutubia. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mtu mrefu aliyependa kusikilizwa, alimwita Mama pembeni ya jiko jioni ileile kabla wageni hawajaondoka. Nilikuwa nimeshika nguo ya Mama.

"Mama Nekesa, umepata pigo, tunajua," alisema. "Lakini mtoto akija, usitaje Wafula. Nakuambia mapema. Mtu akikufa kifo ya aibu, jina yake inalala na yeye."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Kwa asiye wa kwetu nitasema hivi: mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na hilo ndilo linalomrudisha mtu uani. Anaitwa aje kula, anaitwa aache kulia, anakaripiwa, anatumwa maji. Marehemu ambaye jina lake halikupewa mtu hatajwi hata kwa bahati mbaya. Baada ya miaka michache ni kama hakuzaliwa. Baba hakuwa na mtoto mwingine ila mimi, na mimi, Nekesa, nilikuwa na jina la bibi. Kilichobaki kilikuwa tumboni mwa Mama.

"Nani amesema ni aibu?" Mama aliuliza.

"Watu."

"Watu wanaitwa nani?"

Baba Mkubwa alikasirika. "Wewe umetoka Amagoro juzi, utatufundisha desturi yetu?"

Mama alinishika mkono akarudi ndani. Alikuwa amechoka, na nadhani palikuwa na kitu kibaya zaidi: hakuwa na hakika. Hakuwepo barabarani. Alimjua mume wake, lakini alikuwa pia mtu wa mpaka, na alijua mtungi ni nini.

Kilichombadilisha ni mimi, na sikukusudia.

Watoto wa ukoo walikuwa wametunga wimbo. Ulikuwa na maneno machache: Baba ya Nekesa, petroli tamu, Baba ya Nekesa, amelamba moto. Wakauimba wakiruka kamba. Mimi nikaimba pamoja nao, kwa sababu sikuona ubaya wake. Kwa hesabu yangu mambo yote yalikaa sawa. Mama alisema mafuta ya taa yamekwisha. Baba alisema atakuja nayo. Akaenda palipokuwa na mafuta, akabeba mtungi. Nilijivunia. Baba za wengine walisahau walichotumwa. Baba yangu hakusahau.

Tulikuwa tukimenya viazi Mama na mimi, siku moja baada ya maziko, aliposikia wimbo ule kutoka uani. Aliacha kisu. "Wanasema nini?"

"Wanamwimbia Baba," nikasema. "Mama, usilie. Alikuwa anatuletea mafuta ya koroboi. Ulimwambia imeisha."

Nakumbuka uso wake kuliko ninavyokumbuka uso wa Baba. Haukulia. Ulikaza, kama mtu anayeinua kitu kizito na ameshapata pa kushika. Alinitazama muda, kisha akafuta mikono kwa kanga.

"Vaa viatu," alisema. "Tunaenda Malaba."

Alimwambia mama mkwe wake anakwenda kuchukua nguo za mtoto. Tulifika kituoni mchana. Gari lilikuwa bandani, rangi yake upande mmoja imevimba na kupasuka kama ugali ulioungua. Makokha alikuwa ameketi juu ya tairi la akiba. Mama hakumsalimu.

"Wafula alibeba nini?"

Makokha alisimama. "Mama Nekesa, si nilikuja kukuambia…"

"Ulikuja ukaniambia amekufa. Hukuniambia alibeba nini."

Basi akaeleza, na mimi nikasikia, ingawa nilikuja kuelewa nilipokuwa mkubwa, baada ya kusoma kila kitabu cha moto nilichoweza kukipata na kumuuliza Makokha maswali mpaka uzee wake. Tangi lilikuwa limelala ubavuni na petroli imejaa mtaro. Haikuwa imewaka. Walitandaza povu juu ya mtaro wote, wakaifunika. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kungoja. Lakini watu waliona povu wakadhani ni uchafu tu, wakaingia na mabeseni wakaupasua ule mfuniko wachote kilicho chini. Wazimamoto wakawafukuza. Watu wakatoka upande huu wakaingia upande ule, wakiwatukana: mnataka peke yenu? Mfuniko ukapasuka tena. Dawa iliyokuwa ndani ya gari ikaisha. Ndipo Baba, Etyang na Rajabu walipoteremsha mitungi ya akiba wakakimbia nayo hadi kwenye pampu ndogo iliyokuwa karibu na tangi. Makokha alibaki kwenye gari kusukuma maji. Nani aliwasha moto, hakuna anayejua. Mafuta hayo huhitaji kidogo sana.

"Wangekimbia?" Mama aliuliza.

"Walikuwa na nafasi," Makokha alisema. "Rajabu alikuwa ameshatoka. Akarudi, kwa sababu mtaroni kulikuwa na watoto."

Mama alitembea hadi ukutani. Mitungi miwili ilikuwa imebaki. Akashika mmoja.

"Mama, hiyo ni mali ya ofisi," Makokha alisema kwa upole.

"Na Wafula alikuwa mali ya nani?"

Makokha aliinama akautwaa mtungi kutoka mikononi mwake. Akaubeba yeye mwenyewe, kwa ile mikono yake iliyofungwa, mpaka kwenye gari la kurudi.

Kwetu, siku chache baada ya maziko watu huitwa tena nyumbani kwa ajili ya kunyolewa. Wafiwa hukaa mbele kungoja wembe, na kabla ya wembe msimamizi huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Mwenye neno hulisema hapo, mbele ya wote. Asiyelisema hulimeza, na akilitoa baadaye ni yeye mwenye aibu. Ni desturi nzuri, ngumu. Wengi huipita kwa ukimya, kwa heshima, kisha wakaenda kusema njiani.

Uwanja ulijaa. Baba Mkubwa ndiye aliyesimamia.

"Nani ako na neno juu ya Wafula?"

Watu walitazama magoti yao.

"Nani ako na neno juu ya Wafula?"

Mtu alikohoa. Mama akasimama.

"Ngoja, shemeji. Kabla uulize ya tatu. Hiyo neno iko. Ilifika hapa mbele ya maiti, sasa imeona wembe imejificha."

"Kaa chini, Mama Nekesa. Hujanyolewa."

"Nitanyolewa nikimaliza."

Aliingia ndani akatoka akiuburuta mtungi wa manjano, tumbo likiwa mbele yake. Mnong'ono ukapita uwanjani. Akauweka katikati.

"Huu ndio ndugu ya ule mtungi. Umetoka mahali pamoja, una kitu moja. Nani anasema ni petroli?"

"Toa hiyo kitu karibu na jiko!" bibi mmoja alipiga kelele, akiinuka na kiti chake. "Anataka kutuchoma huyu!"

Mama alifungua kifuniko akamimina kwenye beseni. Kilitoka kitu kizito cha rangi ya chai ya rangi. Harufu ikatambaa uwanjani, na watu wakafunika pua kwa mikono, kwa kofia, kwa leso.

"Woi! Ng'ombe imeoza?"

"Shemeji, hata nzi wamekataa!"

Mimi sikufunika. Nilisimama juu ya mkeka. "Ni Baba!" nikasema kwa sauti. "Mama, Baba amekuja!"

Hakuna aliyecheka. Nilikwenda nikaketi karibu na beseni, kwa sababu ilikuwa sweta lake, kucha zake, ule mkate wa njiani. Nilikuwa sijamnusa tangu asubuhi ile. Jeneza lilinuka rangi ya mbao tu.

Mama alimimina maji akapiga kwa mwiko, kwa mikono miwili, kama anayesonga ugali wa watu wengi. Povu likapanda, likajaa, likamwagika pande zote za beseni, jeupe lenye ukahawia, zito. Akaenda jikoni akachomoa ukuni unaowaka. Watu waliokuwa mbele wakarudi nyuma. Aliuchomeka katikati ya povu. Ukalia kidogo, ukafa.

"Hiyo ndiyo petroli aliyoiba," alisema.

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mmoja wa baiskeli, aliyejulikana kwa kuvusha mafuta. "Sasa, mama, kama hiyo kitu inazima, mbona haikuzima siku ile?"

"Ulikuwa hapo?"

"Hapana. Niliambiwa."

"Aliyekuambia alikuwa amesimama wapi?"

Kijana alishusha kofia yake usoni.

"Basi nitakuambia mimi. Alikuwa amesimama ndani ya mtaro, na beseni. Ilizima mara ya kwanza. Wakaipasua. Ikafunikwa tena. Wakaipasua. Wafula na wenzake wangetoroka, leo wangekuwa wanakula mahindi, na hapa kijijini tungekuwa tunazika watu wengine."

Karibu nami aliketi mwanamume mmoja aliyevaa koti zito kwenye joto lile. Nilimwona akivuta mguu wake uliofungwa bandeji, taratibu, akauficha chini ya kiti. Mama alimwona pia. Alimtazama tu, kisha akamgeukia Baba Mkubwa.

"Uliza ya tatu, shemeji."

Baba Mkubwa alifuta uso. "Nani," alisema, kisha akaanza upya. "Nani ako na neno juu ya Wafula?"

Kuku walikuwa wamelifikia povu wakilidonoa na kutikisa vichwa.

"Neno imeisha," Baba Mkubwa alisema. "Lete wembe."

"Na jina?"

"Jina tutaongea mtoto akikuja." Akalitazama tumbo la Mama. "Kama ni kijana."

Nimezeeka kuliko Baba alivyopata kuwa. Nimesikia viongozi wakisema wazimamoto waliokufa kazini ni mashujaa waliojitoa, na naona hilo nalo ni njia ya kuwasukuma mbali. Baba hakujitoa. Alikuwa amemwachia Mama kuku sufuriani na alitaka kurudi kumla. Alifanya kazi aliyofundishwa, kwa utaratibu, mpaka umati ukaifanya isiwezekane, na hata hapo hakuacha. Wala sikubali mtu aniambie ilikuwa ajali au mapenzi ya Mungu. Mungu hakubeba beseni. Kila Krismasi, kabla ya kula, tunataja majina mezani: Wafula, Etyang, Rajabu. Wageni wengine huona tunaharibu sikukuu. Tunawaambia sahani zitangoja. Hakuna anayekula kabla hatujamaliza.

Mtoto alikuja mvua za masika zilipokuwa zimechanganya. Alikuwa msichana. Baba Mkubwa alifika kwenye zahanati na mwavuli, uso umekunjuka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mambo yalikuwa yamejimaliza yenyewe.

"Angalia hii mvua," alisema. "Mungu amechagua. Aitwe Nafula. Ni jina ya msimu, si jina ya mtu. Kila mtu atafurahi."

Kweli kila mtu angefurahi. Ndivyo tunavyowaita wasichana wa mvua, na hakuna ambaye angeuliza mtoto amemrithi nani. Mama alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, mimi nimeketi miguuni pake. Alimshukuru shemeji yake kwa mwavuli. Kisha nesi akaja na kadi na kalamu.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Wafula."

Nesi aliinua macho, akamtazama mtoto, akatabasamu kama anayemsaidia mtu aliyechoka. "Mama, huyu ni msichana. Unataka kusema Nafula. Wafula ni jina la mwanaume."

"Najua," Mama alisema. "Alikuwa bwana yangu. Andika."